Mwambie Kabla Hujamgusa

Mwaka ule ofisi yetu ilitupeleka semina ya siku mbili, nami nikarudi kama mtu aliyeokoka. Nafanya kazi kwenye kampuni ya bima, idara ya madai. Kazi yangu ni kusoma barua za watu waliogongwa au kuunguliwa, kisha kuwajibu kwamba bado fomu moja. Semina ilihusu kutafuta kusudi la maisha. Mwendeshaji, bwana mmoja mwembamba aliyependa kufumba macho akiongea, alituchorea ubaoni maduara manne yaliyopandana. La kwanza ni kile unachokipenda. La pili, unachokiweza. La tatu, ambacho dunia inakihitaji. La nne, ambacho watu watakubali kukulipa. Pale katikati, maduara yote yalipokutana, akatia nukta nyekundu na kuandika neno la Kijapani: ikigai.

"Iki ni kuishi," akasema, macho kayafumba. "Gai ni thamani, lile linalofanya jambo listahili. Kila mmoja wenu anayo. Wengi mtakufa hamjaitafuta."

Mimi yangu sikuiona, lakini nilijua papo hapo nani anaihitaji kuliko mimi. Nikachukua karatasi mbili, moja ya ziada.

Ya ziada ilikuwa ya Shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa amemuuguza Bibi kwa miaka tisa. Bibi alipatwa na kiharusi akiwa anakunja nguo; upande wa kulia ukalala na hakusimama tena. Baba yangu alikuwa na familia, Baba Mdogo alikuwa na biashara na maneno mengi, na Shangazi alikuwa na kazi ya kupiga chapa na hakuwa na mume. Basi hata kikao hakikukaliwa. Kazi ikaachwa, kitanda cha Bibi kikasogezwa dirishani, sisi wengine tukawa wageni wa Jumapili. Tulileta matunda. Tulisema, "Shangazi, Mungu atakulipa," kisha tukaangalia saa.

Bibi alifariki asubuhi moja, kimya kimya, akiwa amelalia ubavu wa kushoto. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na nne. Maombolezo yalipokwisha, watu wote walimwambia neno moja: pumzika.

Kupumzika kukamshinda. Nilimkuta siku moja akifua mashuka masafi.

"Yamechafuka?" nikamuuliza.

"Hapana. Yamekaa."

Siku nyingine nilimwona barabarani akirudi kutoka sokoni mbio mbio, kapu likimpiga mapajani. Alipofika getini alisimama ghafla kama mtu aliyesahau kitu. Nilipomfikia akacheka kidogo, akasema, "Nimekumbuka hapa hapa kwamba hakuna ninayemuwahi."

Baba Mdogo alitaka amfungulie kibanda cha kuuza makava ya simu. "Dada, wateja watakuchangamsha!" Mama alitaka ahamie kwetu. Kila mtu alikuwa na mpango wake juu ya Shangazi, nami nikaenda na wangu, umekunjwa vizuri ndani ya mkoba.

Tulikaa jikoni kwake. Nikamtandikia karatasi mezani, nikamweleza yote, hata kufumba macho nikafumba kidogo. Alisikiliza kwa adabu, kidevu mkononi.

"Haya," nikasema, kalamu tayari. "Unapenda nini?"

Akafikiri. "Kikombe cha kwanza cha chai. Kile cha asubuhi, kabla nyumba haijaamka."

"Shangazi, hicho hakiwezi kukulipa."

"Kwani hao Wajapani wanalipwa kwa kila wanachokipenda?"

"Fikiria kitu kikubwa zaidi."

Akafikiri tena, nikaona uso unamwiva kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu. Nikaruka kwenye duara la pili. "Unaweza nini?"

"Siwezi kitu, mwanangu. Mashine za siku hizi za kupiga chapa sizijui. Nimeuguza tu."

Hilo "tu" nilipaswa kulishika. Badala yake nikaandika kwa mwandiko mzuri: *uvumilivu, usafi, mapishi*. Kisha nikachora mstari kutoka mapishi hadi duara la nne, nikafurahi na nafsi yangu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimemwandikisha mafunzo ya kupamba keki.

Shangazi ni mtu wa kukubali. Alinunua aproni, akaenda. Wiki ya kwanza alijifunza kupiga krimu, ya pili alijifunza maua. Wiki ya tatu nilipita kumchukua nikakuta keki yake ya ghorofa mbili imeegemea upande mmoja kama mlevi, naye ameisukumia vitambaa vilivyoviringishwa, kimoja kila upande, ili isianguke.

"Nimeiwekea mito," akasema.

Nilicheka mpaka machozi. Wala sikuona nilichokuwa nakitazama.

Njiani kurudi akaniambia, "Usinikasirikie. Keki ni nzuri, na mwalimu ni mtu mwema. Lakini nikiondoka pale, keki haijui kama nilikuja."

Nikanuna. Nilikuwa nimejipa kazi ya kumwokoa mtu, na mtu mwenyewe haniungi mkono. Kwa wiki mbili sikwenda kwake.

Nilipokwenda nilikuta mgeni sebuleni, mwanamke mdogo wa umbo, amekaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa mke wa Dereva, nyumba ya tatu kutoka kwa Shangazi. Mumewe alikuwa ameendesha mabasi ya safari ndefu kwa miaka thelathini, bwana mkubwa mwenye sauti ya kuvunja vioo. Mwezi uliopita kiharusi kilimshika, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani. Mkewe alikuja kuulizia kitanda cha Bibi, kile cha chuma kinachoinuka kichwani kwa kuzungusha mkono wa pembeni.

"Kichukue," Shangazi akasema kabla mwenzake hajamaliza. "Kimekaa bure."

Tukakibeba sisi wanne, mimi, Shangazi na wakwe wawili wa Dereva, tukikiinamisha milangoni. Chumba cha Dereva kilikuwa na pazia zito na joto la watu wengi. Yeye alikuwa amegeukia ukutani, gazeti limeviringishwa katika mkono wake mzima wa kushoto. Mkewe akatunong'oneza kwamba lile gazeti ni silaha. Kila anayemsogelea analo kofi lake.

Wakwe wakasogea, mmoja huku mmoja kule, wakamkamata mikono tayari kumburuta. Dereva akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Acheni!" Shangazi akasema.

Sikuwahi kumsikia Shangazi akiamuru. Nadhani hata yeye hakuwahi. Wakwe wakaachia mikono kama iliyoungua.

"Mkono uliolala si kamba ya ndoo," akawaambia, sasa kwa upole. "Bega litachomoka. Naomba mnipishe."

Akazunguka kitanda hadi upande ambao Dereva anaweza kumwona. Hakumgusa. Akavuta kigoda, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa.

"Shikamoo kaka. Mimi ni jirani, yule wa nyumba yenye geti la kijani. Tunataka kukuhamishia kitanda kingine. Nitakuambia kila kitu kabla sijakifanya. Nikikosea nipige na hilo gazeti."

Dereva alimtazama kwa jicho moja.

"Sasa naweka mkono wako wa kulia kifuani. Nauweka. Haya. Sasa nakunja goti lako la mbali. Nalikunja. Sasa nashika bega na nyonga, na nikihesabu tatu utakuja upande wangu. Moja, mbili, tatu."

Na lile jitu likaja. Sijui niseme vipi. Halikuvutwa wala kubebwa. Liligeuka kama mlango wenye bawaba nzuri, likaishia mikononi mwa mwanamke asiyefika hata begani kwake. Shangazi akaingiza shuka lililokunjwa chini ya mgongo, akamgeuza upande wa pili, shuka likatokea, nao wakwe sasa walishika ncha za shuka badala ya kushika mtu. "Kaka, sasa unasafiri," akamwambia. Mara Dereva yuko kitanda kipya.

Hapo ndipo alipokiona kidonda kwenye nyonga, chekundu, kipana kama mdomo wa kikombe. Hakushtuka mbele ya mgonjwa. Akamwekea mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na kitambaa chini ya kifundo cha mguu ili kisigino kisiguse godoro. Kisha akamwambia mkewe kwamba kesho asubuhi amwite muuguzi wa zahanati aje akisafishe, na kuanzia sasa mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Dereva akatikisa gazeti. Mdomo wake ulikuwa umepinda, maneno yalimtoka moja moja, kama abiria wanaoshuka na mizigo.

"Huyu," akasema, "anapiga honi."

Akavuta pumzi.

"Wengine wote... mnanigonga tu."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, kisha akawa analia, kisha vyote viwili. Dereva mwenyewe alikuwa akitikisika mabega. Gazeti likaanguka chini na hakuna aliyeliokota.

Mlangoni, mke wa Dereva alimshika Shangazi mikono yote miwili. "Dada, uje kila siku. Nakuomba."

"Siji kila siku," Shangazi akasema. "Nikija kila siku, siku nisipokuja atalala kama gunia. Nitakuja siku tatu, wewe ndiye utakayemgeuza."

"Mimi? Si unaniona nilivyo? Yule ni mara mbili yangu!"

"Humbebi. Unaliomba goti lake likusaidie."

Alikwenda siku tatu, zikawa sita. Siku ya nne, aliniambia baadaye, mke wa Dereva alimgeuza mumewe peke yake, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi kupunga upepo, anatabasamu peke yake kama mwehu. Muuguzi alikuja kusafisha kile kidonda kila baada ya siku mbili. Kilianza kufunga pembeni, pole pole.

Katika siku hizo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo: nilisoma zaidi. Nikagundua kwamba maduara yale manne si ya wazee wa Kijapani. Yamechorwa na watu wengine, wa mbali, baadaye. Wajapani wenyewe hulitumia neno lao hata kwa mambo madogo, bustani, mjukuu, mazoezi ya asubuhi, na wapo wanaolitaja juu ya kikombe cha chai. Wala hawadai kwamba lazima mtu akulipe. Nilisoma hayo ofisini, wakati wa chakula cha mchana, na uso ukaniwaka moto. Nilikuwa nimemkatalia Shangazi jibu sahihi kwenye mtihani wangu mwenyewe.

Mwezi uliofuata alikuja kwa Dereva mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya wilaya, mwanamke mwepesi mwenye raba nyeupe na haraka nyingi. Alimkagua mgonjwa, akatazama ile mito, akatazama visigino, akamwomba mke wa Dereva amgeuze mumewe. Baada ya hapo haraka yote ikamwisha.

"Nani amekufundisha?"

Mke wa Dereva akaonyesha ukuta, upande wa nyumba ya tatu.

Mtaalamu akaenda mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuomba radhi ya keki, bado sijaipata nafasi. Alieleza kwamba kila wiki wanawarudisha nyumbani wagonjwa kama Dereva, na baada ya mwezi wengi wanarudi na vidonda, na mabega yaliyotegulika, na ndugu waliovunjika migongo na mioyo. Alitaka Shangazi aje Alhamisi, saa moja tu, awaonyeshe ndugu za wagonjwa.

"Mimi si mtaalamu," Shangazi akasema.

"Wataalamu tunao. Mgonjwa akishafika nyumbani ndipo tunapokosa mtu."

"Sijui kusema mbele za watu."

"Basi usiseme. Onyesha."

Shangazi akanitazama. Nikajua anachotafuta: mtu wa kumwambia aende au asiende, kama tulivyozoea kumfanyia miaka yote. Nikauma ulimi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko semina.

"Alhamisi hii siwezi," akasema mwishowe. "Ijayo."

Hiyo ijayo niliomba ruhusa kazini nikampeleka. Chumba kilikuwa nyuma ya jengo la mifupa, kina magongo yaliyoegemezwa pembeni na kitanda kimoja ambacho gurudumu lake halifungi. Walikuwepo watu kumi na mmoja. Mwalimu mstaafu na binti yake. Mama mmoja aliyesinzia kabla hatujaanza. Fundi wa magari, mikono ina weusi wa oili usiotoka, anayemuuguza baba yake peke yake. Wote walikuwa na macho ya namna moja, macho ya watu wanaolala vipande vipande.

Shangazi akasimama mbele yao, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akafungua tena. Mtaalamu akainamia viatu vyake.

Halafu Shangazi akasema, "Mwanangu, panda kitandani."

"Mimi?"

"Kuna mwingine niliyekuja naye?"

Nikavua viatu, nikapanda, watu kumi na mmoja wananitazama soksi. Akaniambia upande wangu wa kulia umekufa, nisiusaidie hata kidogo. Kisha, bila kuniambia kitu, akanishika mkono na kunivuta.

Sikulitarajia lile. Mwili mzima ukakaza, mkono wa kushoto ukamsukuma. Watu wakacheka.

"Mmeona?" akawaambia. "Hajapooza, ana akili zake, ananipenda, na bado amenisukuma. Sasa wako aliyelala, ambaye haoni upande mmoja, unamshika namna hiyo mara kumi kwa siku. Halafu unasema mgonjwa wangu mkorofi."

Akaja upande wa pili, akashusha uso wake karibu na wangu. "Mwanangu, sasa naweka mkono wako kifuani. Nauweka." Mkono wake ulikuwa na joto na ulikaa wote, kiganja chote, si ncha za vidole. "Sasa goti. Sasa utakuja kwangu. Moja, mbili, tatu."

Nikaja. Nilikuwa nimetazama jambo lile Jumapili nyingi, nikiwa mlangoni na mfuko wa matunda, nikingoja limalizike ili tuongee. Sasa nilikuwa ndani yake. Kwa sekunde chache sikuwa na uzito wala sikuhofia kuanguka. Nikafikiri, Bibi alipewa hiki kila baada ya saa mbili kwa miaka tisa. Nikafunga macho ili watu wasione, ingawa nadhani waliona.

Baada ya hapo ulimi wa Shangazi ukafunguka. Akawaonyesha shuka, mito, visigino, vile alivyomfanyia mama yake kwa miaka tisa. Akamfanya fundi wa magari anigeuze, na fundi akaniambia "Dada, samahani, sasa nakugusa bega" kwa sauti ya mtu anayeomba posa, watu wakavunjika mbavu. Hata yule mama wa kusinzia aliamka akafanya vizuri kuliko wote.

Saa moja na nusu ilikuwa imepita pale fundi alipoinua mkono.

"Mama, naomba kuuliza. Wewe ulimuuguza mama yako miaka tisa."

"Ndiyo."

"Hukumchoka?"

Mtaalamu akafungua mdomo kumwokoa, Shangazi akampungia mkono. Akakaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pangu.

"Nilimchoka," akasema. "Mwaka wa nne, mchana mmoja. Alikuwa amejichafua, nimemsafisha, akajichafua tena, nimemsafisha, akajichafua tena. Nikamtazama nikaona simwoni mama yangu, naona kazi. Nikachukua mkoba nikatoka. Nikaenda kituo cha mabasi, nikakaa kwenye benchi. Saa tatu nzima. Mabasi yalikuja, nikayasoma yanakokwenda, moja moja. Nilikuwa na nauli."

Mimi, niliyedhani najua kila kitu cha nyumba ile, nilikuwa sijawahi kulisikia hilo.

"Nikarudi. Alikuwa kama nilivyomwacha, amelowa, mchana kutwa. Nikajua atanilaani. Alikuwa anasema maneno machache sana, mdomo umepinda. Akanitazama akasema, 'Umepumzika?'"

Shangazi akasugua goti lake kwa kiganja.

"Sijawahi kumwambia mtu, maana kila mtu alikuwa ananiita malaika. Malaika hakai kituo cha mabasi. Basi mimi nawaambia ninyi: mtachoka. Ukiona humwoni mtu, unaona kazi, tafuta mwenzako akushike mkono kabla hujafika benchi. Jirani, mtoto wa kaka yako, yeyote. Mimi sikuomba. Nilikuwa na ndugu wawili na wake zao, na wote walikuwa na matunda mkononi, na mimi sikuomba. Na wao hawakuuliza."

Hilo la mwisho alilisema bila kunitazama, na hakulisema kwa ubaya. Lakini lilinifikia.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ile myeusi imefunika uso. Binti wa mwalimu mstaafu akasogeza kiti chake karibu na cha fundi, akakaa tu. Watu hawakuondoka. Walibaki wakizungumza, wakipeana namba za simu, nani anakaa karibu na nani, nani anaweza kumshikia nani Jumamosi asubuhi aende akakate nywele. Mlinzi ilibidi aje na funguo.

Alhamisi moja ikawa Alhamisi zote, kisha na Jumatatu, kwenye zahanati ya pili. Hospitali ilimwandikia mkataba mdogo, wa kumtosha, na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Baba Mdogo anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Anasema tangu mwanzo alitaka Dada awe na wateja. Lakini ukweli usemwe pia: siku hizi kila Jumamosi anakwenda kumnyoa ndevu baba wa yule fundi, na hakuna aliyemwagiza.

Nilimuuliza Shangazi, tukiwa njiani siku moja, kama sasa anaiona nukta yake nyekundu. Sikuweza kujizuia.

Akasema, "Nilikuwa naionea haya, mwanangu. Nilidhani ile ni miaka iliyopotea, na ukipoteza kitu huendi kukitangaza. Kumbe ndimo nilimokuwa najifunza." Kisha akaongeza, "Lakini usije ukamwambia mtu kwamba imefaa. Mama yangu alilala miaka tisa. Ningepewa kuchagua, angesimama, na mimi ningekuwa mpiga chapa mpaka leo, na nisingejua lolote, na ningefurahi."

Ile karatasi yake ya maduara niliitupa. Yangu mimi bado ninayo, na bado ni tupu, isipokuwa kwenye duara la kwanza nimeandika mambo mawili madogo ambayo hayamhusu mtu.

Wiki iliyopita Shangazi alishikwa na mafua makali, Alhamisi, homa juu, sauti imekwenda. Akataka kuamka aende. Nikamwambia simfungii mlango, lakini nimekwisha kumpigia mke wa Dereva, na mke wa Dereva yuko njiani hospitalini. Akarudi kwenye mto kwa shingo upande. Alilala akaamka, akauliza saa, akalala. Nilimletea supu, nikamwambia, "Shangazi, nakuinua kichwa," akacheka mpaka akakohoa.

Saa nane mchana simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mke wa Dereva, juu kabisa, nyuma yake vishindo vya watu. Mambo yalikwenda vizuri. Watu kumi na wanne. Dereva mwenyewe amekuja kwa kiti cha magurudumu kuwa mgonjwa wa mfano, na amewatukana wote waliosahau kupiga honi. Ila yeye, mke wa Dereva, amewafundisha waweke mito miwili mgongoni badala ya mmoja, maana kwa mtu mnene mmoja unateleza.

"Miwili?" Shangazi akasema kwa ile sauti iliyokwaruza. "Nani kakwambia miwili? Miwili inamsukuma kifudifudi."

Simu ikajibu kwa kirefu. Shangazi akasikiliza, uso umekunjamana, mkono mmoja unapima hewani unene wa mto mmoja, kisha wa miwili.

"Hmm," akasema. "Labda ikiwa myembamba." Akasikiliza tena. "Basi Alhamisi ijayo utanionyesha."

Akanirudishia simu, akageukia dirishani, akavuta shuka. Nilidhani ataendelea kubishana peke yake, lakini nilipotoka kwenda kuosha bakuli alikuwa amekwisha kulala.